Wametuandikisha, hawajatufundisha

Tangazo la vijana raia wa Likasi juu ya usalama wa wanafunzi kwenye mtandao

Ndugu vijana wa Kikula, Panda, Shituru na katikati ya mji, wanafunzi, wazazi, walimu,

Tunaanza na kisa cha mwenzetu mmoja. Jina lake tunaliweka pembeni, yeye mwenyewe aliomba hivyo.

Alimaliza chuo kikuu kama sisi, na anaikala nyumbani bila kazi kama sisi. Siku moja tangazo likapita ndani ya grupu ya WhatsApp: kampuni ya madini inatafuta vijana, mshahara wa dola, kazi inaanza mwezi ujao. Hakuna ofisi, hakuna jina la mtu, kuko namba ya telefone tu. Waliomba vitu vitatu: foto ya karte ya kura mbele na nyuma, foto ya diplome, na dola 25 za kufungua dosye. Zile dola 25 alikopa kwa mama yake mdogo anayeuza unga sokoni. Akatuma vyote. Kesho yake ile namba haikupatikana tena.

Tulilia pesa. Na yeye alilia pesa. Karte, hakuna mtu aliyeiwaza.

Miezi mitatu baadaye, watu wawili walifika kwao. Walikuwa na foto ya karte yake ndani ya telefone. Wezi walikuwa wanaitumia ili kuwatuliza wengine: "Ona karte yangu, miye ni mutu wa kweli, naikala Likasi." Wale wawili nao walikuwa wamekwisha kulipa, na karte ina jina, ina uso, ina adresi. Mama mdogo akasimama mlangoni, akawaambia: "Batoto bangu, muangalie hii nyumba. Ile makuta yenu iko wapi humu?" Ilichukua siku nzima, na majirani kuingilia kati, mpaka wakakubali kwamba mwizi hakuwa yule aliyesimama mbele yao. Mpaka leo hatujui ile foto inazunguka kwenye telefone ngapi.

Mwenzetu alisoma miaka 17: sita ya primere, sita ya sekondere, mitano ya chuo kikuu. Anajua kupiga hesabu ngumu. Anajua tarehe za wafalme wa Ubelgiji. Ndani ya ile miaka 17, hakuna somo hata moja lililomwambia kwamba foto ya karte ni kama ufunguo wa nyumba: ukiishampa mtu, huwezi kujua atafungua mlango gani nao.

Njo maana tunaandika leo.

TUMEANDIKWA KILA MAHALI

Mtoto wa Likasi anaandikwa mara ngapi kabla hajafikisha miaka 20? Tuhesabu pamoja.

Akinunua sim, anaandikwa. Na mara nyingi ile sim haiko kwa jina lake. Iko kwa jina la baba, la kaka, ao la mtu ambaye mwenye kabine alitumia karte yake ili mambo yaende upesi. Akifungua M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, anaandikwa tena. Akifika Examen d'État, anapewa kode, na kwa ile kode matokeo yake yanatafutwa kwa telefone. Kila mwaka ni wakati huo huo wezi wanaingia ndani ya magrupu kuuza maswali ya uongo na "kusaidia" watoto kupata asilimia.

Tarehe 25 Januari 2023, CENI ilianza kuandikisha wapiga kura katika jimbo letu. Tulisimama mstari tangu usiku. Wakachukua uso, wakachukua vidole, wakatupa karte. Kwa wengi kati yetu, maandishi ya ile karte yalianza kufutika mapema sana, na watu walirudi kuomba nyingine. Karte inafutika mfukoni mwako, lakini alama za vidole vyako zinabaki kwenye mashine yao.

Na tusisahau RAM. Kuanzia Septemba 2020, serikali ilisema inaandikisha telefone ili kupiga vita telefone za wizi na za bandia. Kila telefone ina namba yake ya kuzaliwa, tarakimu 15. Andika *#06# sasa hivi, utaiona. Kwa njia ya uandikishaji ule walianza kukata unite zetu: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G na 4G. Unatia unite asubuhi, mchana zimeliwa. Vijana wa nchi nzima wakapiga kelele, wabunge wakamwita waziri ajieleze, na mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Ulikuwa ushindi wetu na tunajivunia. Lakini tuseme ukweli: karibu sote tulipigania unite. Wachache sana waliuliza swali la pili: ile orodha ya telefone zetu imebaki kwa nani?

Hatukuuliza kwa sababu hakuna aliyetufundisha kuuliza.

Na uandikishaji mwingine unakuja. ONIP, ofisi ya kutambulisha raia, iliundwa mwaka 2011. Mwezi wa Juni 2023 Rais wa Jamhuri alipokea karte ya kwanza ya uraia mbele ya kamera. Sisi wa Likasi bado tunangoja. Hatukatai karte: nchi ambayo haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984 inahitaji kuwajua raia wake, na sisi tumechoka kutumia karte ya kura kwa kila kitu. Lakini kabla ya kuchukua tena vidole vya wadogo zetu, watufundishe kwanza vile vidole vinakwenda wapi.

Majirani wametangulia. Kenya ilipita na Huduma Namba yake bila kupima kwanza hatari ya data za watu. Raia wakaenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema ile karte ilitolewa bila kufuata sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Wale raia hawakuwa na akili kushinda sisi. Walijua tu kwamba kuna swali la kuuliza.

ADHABU IMEKUJA KABLA YA SOMO

Tarehe 13 Machi 2023, nchi yetu ilipata sheria kubwa ya mambo ya mtandao, Code du numérique. Ndani yake muko mambo mazuri, hata ulinzi wa data za mtu na mamlaka ya kuzisimamia. Lakini muulize kijana yeyote pale rond-point anajua nini juu ya ile sheria. Anayejua kitu, anajua kipengele cha 360 tu: ukianzisha ao ukisambaza habari ya uongo juu ya mtu, ni kifungo cha mwezi 1 mpaka miezi 6, na faini ya franka 500.000 mpaka 1.000.000.

Kusambaza. Yaani kubonyeza mara moja. Mtoto wa miaka 18 anayetuma ndani ya grupu ya familia sauti aliyoipata kwa grupu nyingine anaweza kuangukia hapo. Nani alimwonyesha namna ya kuhakikisha habari?

Na tuliona vile sheria za namna hii zinatumika. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa tarehe 8 Septemba 2023. Telefone zake na kompyuta yake vikachukuliwa. Alishitakiwa mambo ya habari za uongo na hati ya bandia, mambo aliyoyakana mpaka mwisho, na alitoka gerezani Machi 2024, baada ya miezi sita. Kama mtu mwenye jina kubwa, mwenye mawakili na magazeti nyuma yake, amefanyiwa hivyo, mwanafunzi wa Panda atafanyiwa nini?

Serikali ya nchi yetu inajua vizuri nguvu ya mtandao. Ilijua tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ilipoukata mtandao karibu siku 20. Inajua kukata, inajua kukatia kodi, inajua kufunga. Kufundisha tu njo inashindwa?

SABABU TATU TUNAZOKATAA

Tulipita kuongea na walimu na wakubwa wa masomo. Wengi walitupokea vizuri. Lakini majibu yalikuwa yale yale matatu.

La kwanza: "Telefone ni marufuku hapa masomo." Sawa. Mtoto anaiacha nyumbani, ao mwalimu anaikamata mlangoni. Saa saba mchana masomo yanaisha, telefone inarudi mkononi, na kuanzia pale mpaka usiku mtoto yuko peke yake nayo. Kumkataza mtoto kuingia Lufira hakujamfundisha kuogelea.

La pili: "Hatuna kompyuta, hatuna umeme." Hii inatuuma kweli, kwa sababu stima za Mwadingusha na Koni ziko jirani na sisi, maji ya Lufira yanawashia viwanda, na sisi kwenye makartie tunaishi na delestaje. Lakini je, somo hili linahitaji kompyuta? Programu mpya ya darasa la 7 na la 8 tayari ina TIC ndani ya sayansi. Tumefungua madaftari ya wadogo zetu: kompyuta ni nini, sehemu zake, jina la kila sehemu. Mwalimu anachora kibodi kwa chaki, watoto wanaikopia. Hatumcheki mwalimu, anafanya kazi na kile alichopewa. Tunasema tu: ubao unaobeba kibodi ya chaki unaweza pia kubeba SMS ya mwizi. Iandike pale, kisha uwaulize watoto: hapa uongo uko wapi?

La tatu: "Haya mambo ni kazi ya wazazi." Mama ambaye mtoto wake njo anamsomea SMS za M-Pesa, ndiye atamfundisha? Katika nyumba nyingi za Likasi, mtoto wa miaka 14 ndiye fundi wa telefone wa familia nzima. Anajua kode ya siri ya baba, ya mama na ya nyanya. Ukimfundisha huyu mmoja umelinda nyumba nzima, na ukimwacha, mwizi akimpata amewapata wote.

SISI PIA TULIKOSEA

Hatuwezi kunyoosha kidole kwa wengine tu. Siku moja tulisimama na wanafunzi kudai mambo ya haki, na sisi wenyewe tukapiga foto. Nyuso za watoto zilionekana vizuri, kitambulisho cha masomo kilionekana, tukaituma kila mahali kwa furaha. Siku ya tatu mama mmoja akatupigia. Mtoto wake alikuwa amefukuzwa darasani kwa sababu alionekana kwenye ile foto. Akatuuliza: "Mulimuuliza nani mbele ya kumuonyesha?"

Hatukuwa na jibu. Tuliifuta, lakini ilikuwa imekwisha kupita kwenye magrupu mengine, na kule hatuna mkono. Mtoto alirudi darasani baada ya kazi nyingi, na mama yake mpaka leo hatusalimii kama zamani. Ana haki. Tuliomba radhi nyumbani kwake, na leo tunaomba radhi mbele ya wote. Tangu siku ile tumeweka sheria: hakuna uso wa mtoto aliye chini ya miaka 18 kwenye kurasa zetu, hata kama yeye mwenyewe anafurahi kuonekana.

Kama sisi wenye diplome, tunaojiita watetezi wa haki, tulikosa jambo hili, basi kila mtu anahitaji hili somo.

MASOMO MANNE, CHAKI TU

Wengine watasema vijana wanalalamika bila kuleta kitu. Tunaleta. Haya ni masomo manne, kila moja linaingia ndani ya saa moja, na hakuna linalohitaji mashine.

Somo la kode. Mtu anakutumia ujumbe: "Samahani, nimekosea namba, kode yangu imefika kwako, nirudishie." Ile ni kode ya WhatsApp, tarakimu 6. Ukimpa, anachukua akaunti yako, anawaandikia shangazi na marafiki zako kwa jina lako: "Niko hospitali, nitumie kidogo." Usimpe mtu yeyote. Kisha ingia kwenye mipangilio ya akaunti, uwashe uthibitisho wa hatua mbili: utachagua namba yako nyingine ya siri, na mwenye kode peke yake hataingia. Na kwa kabine: kode ya M-Pesa unaiandika wewe mwenyewe kwa kidole chako. Usiisome kwa sauti mbele ya mstari wa watu. Hakuna wakala wala kampuni inayohitaji kuijua.

Somo la karte. Kabla ya kutuma foto ya karte, uliza: ofisi iko wapi, nani anaipokea, ya nini? Ukilazimika, fanya fotokopi, andika juu yake kwa kalamu, ikatishe katikati: "Kwa kuomba kazi fulani, tarehe fulani", kisha upige foto ile fotokopi. Mwizi hatapenda kuitumia. Na mshike hili, wenzetu tusio na kazi: kazi ya kweli haikuombi ulipe ili uipate. Tunajua njaa ya kazi, tunaikala nayo. Ni hiyo njaa wanayoiwinda.

Somo la foto. Binti anatuma foto kwa mtu aliyemwamini, kisha yule anamwambia: lipa, ao naionyesha kwa wote. Tunawaambia wadogo zetu wa kike na wa kiume: usilipe, kwa sababu anayelipwa mara moja anarudi. Usifute ujumbe, ni ushahidi. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, siku ile ile. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iko upande wa kila aliye chini ya miaka 18. Na kwa wazazi: mtoto akikuletea hii habari, usianze na fimbo. Ukimpiga, mara nyingine atamlipa mwizi kuliko kukuambia wewe.

Somo la habari na haki. Kabla ya kusambaza: nani aliona, wapi, lini? Ile foto ni ya leo ao ya mwaka mwingine, ya hapa ao ya nchi nyingine? Kama hujui, inaishia kwako. Lakini mtoto asijifunze woga tu. Ajue pia kipengele cha 31 cha Katiba: kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake. Anayejua adhabu bila kujua haki anafunga mdomo tu, na raia wa kufunga mdomo hatumtaki.

TUNADAI

1. Wizara inayojiita ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya iingize haya masomo ndani ya TIC na ndani ya elimu ya uraia. Kipengele cha 45 cha Katiba kinalazimisha serikali kufundisha haki za mtu na za raia. Uraia mpya gani huu, kama raia hajui kulinda jina lake?

2. Wakubwa wa elimu hapa Likasi wasingoje Kinshasa. Waruhusu saa moja kwa mwezi, kuanzia muhula huu, katika kila sekondere ya mji.

3. Walimu waandaliwe kwanza, na walipwe kwa ile kazi. Msiwatupie mzigo mwingine bure.

4. Kampuni za telefone zibandike kwenye kila kabine, kwa Kiswahili, maneno ya kumlinda mteja, na zimpe kila mtu njia ya bure ya kujua sim ngapi ziko kwa jina lake.

5. Mamlaka ya ulinzi wa data iliyoandikwa ndani ya Code du numérique tuione ikifanya kazi mpaka huku, na mlango ambapo mtu wa Likasi anaweza kulalamika bila kupanda gari kwenda Lubumbashi, wala ndege kwenda Kinshasa.

6. CENI na ONIP watuambie waziwazi: vidole vyetu vinalindwa na nani, vinaonwa na nani, kwa muda gani?

7. Masomo na vyuo viache kutangaza ndani ya magrupu ya WhatsApp majina ya watoto ambao hawajalipa minervale. Deni ni la mzazi, na aibu inabaki na mtoto miaka yote.

NA SISI TUNAFANYA NINI?

Hatungoji jibu. Kila Jumamosi baada ya saa nane mchana, tutafundisha haya masomo manne mahali popote watakapotupokea: darasani, kanisani, msikitini, uwanjani, chini ya muembe wa mtu. Tunahitaji ubao, chaki na watoto. Mwalimu, prefe, mchungaji, mama wa kabine: tuiteni, tutakuja kwa miguu. Hatuombi per diem, hatuombi foto.

Wewe unayesoma, usingoje Jumamosi. Leo jioni keti na mdogo wako mmoja. Muulize: mtu akikuomba kode, utafanya nini? Kama hajui, mfundishe. Kama wewe mwenyewe hujui, rudi juu, soma tena.

Mwenzetu yule wa dola 25 atakuwa wa kwanza kusimama mbele ya ubao. Tulimuuliza kama hataona aibu. Alisema: "Aibu nilishaiona. Sasa niifanye ifundishe bengine."

Walituandikisha wote. Sasa watufundishe wote, na tusipofundishwa, tutafundishana.

Vijana raia wa Likasi
Haut-Katanga